Kiu ya Mashine ya Mama Pacha

Kitanda cha mama kilikuwa tayari tangu mwezi wa tano. Nilikinunua kwa seremala wa Masasi, nikakiweka katika chumba cha pili cha nyumba niliyopanga nyuma ya uwanja wa mpira, nikatandika shuka jipya na kuning'iniza chandarua. Jioni nikirudi kutoka shuleni nilikuwa nafungua mlango wa chumba kile, natazama, naufunga. Mama hakuja. Alikuwa Newala kwa mdogo wangu, na kila nilipowatuma madereva wamuulize anashuka lini, jibu lilikuwa lile lile: nepi hazikauki.

Mdogo wangu alijifungua mapacha wakati wa masika. Mama akatoka kijijini kwetu, Mnyambe, akaenda kumtunza mzazi kama ilivyo desturi. Arobaini ikaisha, akabaki. Makubaliano yetu, mimi na yeye, yalikuwa kwamba arobaini ikiisha aje kwangu. Baba alishafariki, mikorosho ilikuwa mikononi mwa mjomba, na kifua cha mama hakikupatana na baridi ya kule juu. Masasi iko chini, jua lipo. Niliona hoja yangu haina tundu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi tu na bado niliamini kwamba watu huamua mambo kwa hoja.

Tena mimi, binti mkubwa, ndiye niliyesoma. Miaka mingi nilikuwa ndiyo habari ya nyumbani kwetu. Mgeni akija Mnyambe, kabla hajapewa kiti alishaambiwa niko kidato cha ngapi. Mdogo wangu aliishia darasa la saba, hakuna aliyemtangaza. Kisha ikaja miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi, na mambo yakageuka bila kuniomba ushauri. Serikali ikaacha kuwapangia kazi watu waliomaliza chuo. Nikajikuta nafundisha historia katika sekondari ya mtu binafsi, ndani ya lililokuwa ghala la korosho, ambamo siku za joto kuta zilitoa harufu ya mafuta ya maganda mpaka wanafunzi wakaumwa vichwa. Mdogo wangu yeye aliolewa na kijana mwenye mzani wa kununulia korosho. Korosho zilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, mzani ukazaa lori, lori likazaa nyumba ya matofali ya saruji pale Newala mjini. Alipojifungua wawili kwa mpigo akapata na cheo: Mama Pacha. Mama alilitamka jina hilo kama mtu anayeonja asali. Mimi aliniita mwalimu.

Mashine ilikuja baada ya watoto. Newala mwezi wa sita jua hutoka kama limelazimishwa. Asubuhi ukungu umekaa juu ya mabati, na ukungu ukiinuka watu wanaanza kupuliza salfa mikoroshoni. Ule unga wa njano unaelea na kutua juu ya kila kilichoanikwa. Nepi yenye salfa ikimgusa mtoto, nyumba nzima hailali. Wengine hufunika tenga juu ya jiko la mkaa na kutandaza nepi juu yake, zikakauka huku zinanuka moshi. Shemeji yangu hakutaka watoto wake wanuke moshi. Akaenda kwa mzungu mmoja wa mradi aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, akanunua mashine ya kukaushia nguo. Mzungu huyo aliuza kila kitu, hadi kamba ya kuanikia. Nilipoambiwa hivyo nikauliza: mwenye mashine ya kukaushia, kamba ilikuwa ya nini? Wivu una macho makali ya kuona kasoro.

Kisha dereva mmoja akaniletea ujumbe shuleni, wa mdomo, mbele ya walimu wenzangu.

"Mama Pacha anasema mashine imekufa. Anasema wewe umesoma, uende. Na bibi yao anasema ikipona, anashuka na wewe."

Wenzangu walicheka. Mimi nilisikia yale maneno ya mwisho tu. Jumamosi nikapanda Newala.

Nilimkuta mama barazani, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani, anaimba. Ulikuwa wimbo wa Kimakonde, wa taratibu, unaozunguka mahali pamoja. Nilisimama getini nikausikiliza mpaka mwisho, nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kuimbiwa. Sikukumbuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Masasi hawali?"

Kabla sijajibu, pacha wa mapajani alipiga chafya, na habari ya kukonda kwangu ikaishia hapo.

Mdogo wangu alitoka ndani amejifunga kanga kifuani, amenawiri, shingo ina pete za unono. Aliniamkia, akanipokea mkoba, akanipeleka moja kwa moja kwenye ujia kati ya jiko na uani. Mashine ilikuwa hapo, nyeupe, fupi kuliko friji, ina mlango wa duara mbele kama jicho. Walikuwa wameitandikia kitambaa cha kufuma juu yake. Kitanda changu cha Masasi hakikuwa na kitambaa cha kufuma.

"Mume wako ana lori," nilisema. "Anajua mashine. Kwa nini asiifungue mwenyewe?"

Mdogo wangu akashusha sauti. "Ilipozimika ilikuwa na nguo za mama ndani. Za ndani."

Nikaelewa. Kwetu mkwe hakai kitako na mama mkwe wake, sembuse kushika nguo zake za ndani. Tangu siku ile shemeji alikuwa hapiti hata kwenye ule ujia. Alizunguka nyumba kwa nje kwenda chooni. Nguo zenyewe mama alishazitoa, zikiwa mbichi, lakini shemeji hakutaka kusikia. Fundi wa redio naye aliitwa kutoka sokoni. Alipoambiwa yaliyotokea, alisema kazi hiyo ni ya wanawake wa nyumba, akaondoka.

"Shemeji!" Sauti ilitoka uani, nyuma ya pazia. "Karibu. Mwambie mama aniwie radhi, niko huku huku. Umekuja na vyeti?"

"Nimekuja na mikono."

"Haya. Sisi vyeti tunavyo, vya lori. Tulikosa mikono."

Nilianza na umeme. Newala wakati ule walitumia umeme wa jenereta la mji, na ulikuwa unapungua nguvu bila kuaga, taa zikawa za kahawia. Nilichomeka pasi kwenye soketi ile ile, ikapata moto. Umeme si kosa. Nikafunga mlango wa mashine na kuufungua, nikasikiliza kitasa, kikalia vizuri. Nikaingiza mkono na kulizungusha pipa la ndani, likazunguka bila kukwama. Mama alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu na watoto wake wawili. Nasema wake kwa sababu ndivyo ilivyoonekana.

Chini ya mlango niliona kijitundu, nikatia kidole na kuvuta. Ukatoka mfuko mdogo wa wavu, na ndani yake kipande kinene, cha kijivu, kama sufi ya mto.

"Hii mlikuwa mnaitoa?"

"Hiyo nayo inatolewa?" mdogo wangu alishangaa. "Mimi nilidhani ndiyo godoro lake."

Shemeji aliangua kicheko nyuma ya pazia. Nami nikacheka, na kwa kitambo kidogo nikasahau nilichokuja kutafuta. Lile lilikuwa vumbi la nyuzi linalotoka kwenye nguo. Likiziba hapo hewa haipiti, na nguo hazikauki hata ukizungusha siku nzima. Nililisafisha, tukatia nepi mbichi, nikabonyeza. Mashine ikanguruma, ikazunguka. Mama akasema kwa upole, kama anavyombembeleza mgonjwa, "Haya, mwanangu, haya." Alikuwa anaiambia mashine.

Haikuchukua muda ikasimama. Pembeni ikawaka taa nyekundu, chini yake mchoro wa tone la maji na neno moja refu.

"Ndiyo hiyo," mdogo wangu alisema. "Ndiyo taa yake. Soma basi, dada, imeandikwa nini?"

Nilisoma herufi moja moja.

"Si Kiingereza," nikasema.

"Kumbe chuo kikuu wanafundisha lugha moja tu!" pazia likasema.

Walinieleza walivyokuwa wakifanya. Taa ikiwaka, maana yake mashine ina kiu. Juu yake kuna kidroo, ndani ya kidroo kuna chombo cha maji. Unavuta, unakikuta kimepungua kidole kimoja, unaongeza maji mpaka pomoni, unarudisha. Taa inazimika, mashine inafanya kazi kidogo, kisha inaomba tena. Mwanzoni ilitosha kuongezewa mara moja kwa siku, sasa kila dakika. Walikuwa wanainywesha maji safi, yale yanayopanda kutoka bondeni na kuuzwa kwa madumu, huku wao wenyewe wanaogea maji ya kupimiana.

"Inakunywa kama ng'ombe," mama alisema kwa huruma.

"Ni rejeta," shemeji alifafanua. "Injini yoyote yenye moto ina rejeta. Ila hii imetoboka. Tafuta inapovujia."

Nami niliamini. Hili ndilo linalonishangaza nikikumbuka. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, niliyebishana na wahadhiri na mashehe na mapadri, na niliona tone la maji na taa nyekundu nikawaza sawasawa na walivyowaza. Mtoto aliyezaliwa uwanda wa Newala hawezi kuona alama hiyo akafikiri kwamba maji yamezidi. Kwetu maji hayajawahi kuzidi. Nililala sakafuni na tochi kutafuta tundu la rejeta, na kweli chini ya mashine palikuwa na dimbwi. Nikasema, "Nimeliona. Linavuja."

Mama akaniletea tambara, akachutama kando yangu, akawa ananyonya lile dimbwi na kulikamulia kwenye ndoo, asipoteze hata tone. Nilimtazama anavyokamua. Tambara, maji, ndoo. Ndipo swali likaja.

"Nguo zikikauka humu," nikauliza, "maji yake yanakwenda wapi?"

"Yanakuwa moshi," mdogo wangu alijibu.

"Moshi mmeuona?"

Nilikwenda nyuma ya mashine. Hapakuwa na bomba la kutolea hewa, hapakuwa na tundu ukutani. Mashine ilikuwa imezibwa kila upande. Basi maji ya nepi zote zile, za miezi yote, hayakuwa na njia ya kutokea isipokuwa yabaki ndani. Nikavuta kidroo. Chombo kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, na yaliyozidi ndiyo yaliyomwagika chini.

"Haina kiu," nikasema. "Imeshiba. Inataka kukojoa."

Mama alinishika mkono. "Unayamwaga maji?"

"Naweka ndooni, mama."

"Shemeji, sikiliza!" Shemeji sasa alikuwa ameshika pazia, nusura aingie. "Gari ukiliwasha rejeta kavu, injini inakufa papo hapo. Na hiyo ikifa, mashine ni wewe. Utakaa hapa uzipulize nepi kwa mdomo."

"Nitapuliza."

"Dada, tuache tu," mdogo wangu alisema. Hakuwa anatania. "Tutaongeza maji, basi. Tumeshazoea."

Nilimtazama. Nilijua anachoogopa, na hakikuwa kuungua kwa mashine. Mashine ikiendelea kuugua, mama anabaki. Nilijua kwa sababu mimi nilitaka ipone kwa sababu hiyo hiyo, iliyogeuzwa tu. Hakuna kati yetu aliyekuwa anafikiria nepi.

Nilirudisha chombo kikiwa kitupu, kikavu, nikabonyeza.

Ilinguruma. Tulisimama wote watatu tukiitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ilizunguka. Iliendelea kuzunguka. Mama aliwabadilisha watoto, akampa mama yao awanyonyeshe, akawarudisha mgongoni na mapajani, na mashine bado ilizunguka. Iliposimama safari hii ilisimama yenyewe, kwa mlio wa adabu, bila taa. Mama akafungua mlango, akatoa nepi moja, akaiweka shavuni.

"Ina joto," alisema. "Kama mkate."

Mdogo wangu alivuta kidroo, maana bado hakuniamini, akapiga kelele. Chombo kilikuwa na maji. Hakuna aliyeyaweka.

Mama alikaa chini, pale pale sakafuni. Alichovya kidole, akakinusa. Mama yangu ni wa kizazi cha wanawake walioteremka bondeni kabla ya kupambazuka na kupanda ukingo na maji kichwani, shingo zikawa fupi kwa kazi hiyo. Wakafika juu, wakafulia kidogo kwa uchungu, wakaanika.

"Yametoka kwenye nguo?"

"Ndiyo."

"Kumbe miaka yote ile nilikuwa nalianikia jua maji yangu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kifua kikambana, akamkamata mdogo wangu begani ili asianguke. "Mama Pacha! Mtambo wako una kisima!" Shemeji naye kwa nje alikuwa ameshapata wazo: hayo ni maji ya betri, maji safi kabisa, madereva wote wa Newala na Tandahimba watapanga foleni. Nikamwambia yana nyuzi. Akasema atayachuja. Nikamwambia hajui kama yanafaa. Akasema, "Shemeji, wewe umeshamaliza kazi yako, tuachie biashara." Nyumba nzima ilikuwa na furaha, na mimi niliyeileta nilisimama na tambara mkononi. Mama alikuwa bado amemshika mdogo wangu begani.

Lakini alitimiza ahadi. Jioni ile alifunga vitu vyake. Mdogo wangu alinikuta jikoni nakunywa chai peke yangu.

"Haya, umeshinda. Mchukue."

"Tulikubaliana tangu masika."

"Najua." Alikuwa anamnyonyesha mmoja, hakunitazama. "Wewe ulipokwenda bweni, mama alilia siku mbili. Ulipokwenda chuo akalia tena. Mimi sijawahi kuliliwa. Nilikuwa hapo hapo, nani angenililia?"

Maisha yangu yote haikuwahi kunijia kwamba kulikuwa na kitu changu ambacho yeye angekitamani. Nilikifurahia, na furaha yenyewe haikuwa nzuri.

Masasi mama alikisifu kitanda. Alikisifu chandarua. Asubuhi alifua, na kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa kimekauka kwenye kamba, kimekakamaa kwa jua, akakikunja. Kisha akafagia ua uliofagiwa. Mimi nilikuwa shuleni. Nilirudi nikamkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani, kama abiria. Nilimpikia. Nilimsomea gazeti. Nilimweleza kuhusu wanafunzi wangu, na alisikiliza vizuri sana, kama anavyosikilizwa mgeni wa heshima. Kifua chake kilitulia kabisa, kwa hiyo hoja yangu ilikuwa sahihi. Kila jioni alitafuta njia ya kuuliza kama kuna dereva yeyote aliyeshuka kutoka Newala.

Wiki ya pili, tukiwa tunapepeta mchele, nikamuuliza kuhusu ule wimbo wa barazani. "Na mimi uliniimbia?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Nilijaribu. Wewe ulikuwa hulali kwa wimbo. Ulikuwa unauliza. Huyo anayeitwa kwenye wimbo ni nani, amekwenda wapi, kwa nini harudi. Nikaacha. Ulilala mwenyewe."

"Ungeendelea tu."

"Ulikuwa hunihitaji, mwanangu. Tangu mdogo." Hakusema kwa lawama, alikuwa anatoa makapi kwenye ungo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Nirudishe."

Nilikuwa na maswali. Kwa nini, ili iweje, kuna nini kule ambacho mashine haiwezi kufanya, na mimi je. Nilijua majibu yake yote, na nilijua kwamba nikiuliza atabaki wiki nyingine kwa kunionea huruma. Nilipepeta.

"Kesho kuna gari la asubuhi," nikasema.

Alifunga mizigo usiku ule ule. Asubuhi stendi alipewa kiti cha mbele, kando ya dereva. Nilimpitishia kikapu dirishani na kumwamkia tena kwa kuaga, akaitikia, akanishika kidole kama anavyoshikwa mtoto mdogo, akaniambia nile. Kabla gari halijawashwa, nilisikia ameshaanza kumweleza dereva habari za wajukuu wake: yupi ni mkubwa kwa dakika chache, yupi mlaji, yupi ana sura ya mama yake. Dereva alikuwa anacheka. Gari likaondoka, na mama bado anaongea, uso umemwelekea yule mtu asiyemjua, na mimi nikamwonea wivu hata yeye.